Maganda ya Mumunye

Mallika alikuwa hajui kupika. Msimcheke. Alipoolewa katika nyumba ya mzee Haripada, mama mkwe wake, Shobharani, alimfukuza jikoni.

"Nenda kapumzike, mwanangu. Utapika maisha yako yote mpaka uchoke. Mimi nikiwa hai, jiko ni langu."

Shobharani aliwapakulia wote, kisha yeye akala mwisho, peke yake, chini jikoni. Ndivyo wanawake wengi wa mji ule walivyozoea. Kila siku sahani ya mzee ilirudi jikoni na chakula pembeni. Mallika akadhani baba mkwe wake si mlaji.

Asubuhi moja Shobharani alianguka penye bomba la maji. Hakuinuka tena.

Matanga yakaisha. Jamaa wakarudi kwao. Tapas, mume wa Mallika, akarudi jimbo la mbali la Kerala kwenye kazi ya ujenzi. Nyumbani wakabaki wawili: mkwe asiyejua kupika na mzee asiyetaka kula.

Mallika alihangaika. Alinunua viungo vya pakiti, tambi za dukani, bajia za hotelini. Mzee alionja kidogo, akasema, "Nimeshiba, mama," akanawa mikono. Chai na biskuti ndivyo vilivyompita kooni. Shati likaanza kumpwaya. Daktari alimpima, akamwita Mallika pembeni.

"Hana ugonjwa," alisema. "Hali chakula, basi. Akiendelea hivi mtampoteza na yeye."

Maneno yale yalimchoma. Mama aliniachia mtu mmoja wa kumtunza, aliwaza, nami namuua kwa njaa.

Akakumbuka kwamba mzee alipenda mumunye lililopikwa kwa haradali. Akanunua mumunye, akamenya maganda manene, akayatupa nyuma ya nyumba. Akasaga haradali kwenye jiwe la kusagia la marehemu mama mkwe mpaka mkono ukauma. Akaichemsha sana, kwa moto mkali.

Mzee alitia tonge moja mdomoni. Uso ukamkunjamana.

"Ni chungu, mama," alisema taratibu, akasogeza sahani. Hakugomba. Afadhali angegomba.

Mallika akakimbilia nyuma ya nyumba kulia. Akamkuta jirani yao Nirupama, mjane wa siku nyingi, ameinama anaokota maganda.

"Shangazi! Hizo ni takataka!"

"Takataka kwako wewe tajiri," Nirupama alijibu bila kuinuka. "Mimi naona chakula cha mchana hapa. Na hayo machozi je? Nani kakufinya?"

"Baba hali, shangazi. Nimempikia haradali, imekuwa chungu kama dawa. Atakufa, na nitakuwa nimemuua mimi."

Nirupama akaacha mzaha. "Uliisaga na nini?"

"Peke yake."

"Ala! Bila chumvi? Bila pilipili mbichi?"

"Nilivitia mwishoni, chunguni."

"Ndiyo maana. Haradali ukiisaga peke yake inakuwa chungu. Kwani Shobha hakukwambia?"

"Hakuniambia kitu. Alikuwa ananionea huruma."

"Huruma gani hiyo, jamani!" Nirupama alifuta jicho kwa ncha ya sari. Shobha alikuwa shoga yake. "Haya, futa kamasi. Kesho tunakwenda sokoni mimi na wewe."

Kesho yake sokoni, Mallika alishika koliflawa. Nirupama akampiga kofi mkononi.

"Si msimu wake. Ni ghali na haina ladha. Angalia kilichojaa sokoni leo, ndicho kibichi na ndicho rahisi. Mumunye hili, bonyeza kwa ukucha. Ukucha umeingia? Basi ni changa, chukua."

Walichukua pia pilipili mbichi na fungu la kotmiri. Mallika alipogeukia duka la viungo vya pakiti, Nirupama aliguna.

"Unga huo ulisagwa lini, enzi za babu yako? Harufu yote imeshatoka."

Jikoni, Nirupama aliketi kwenye kibao, akaamuru tu. Osha mumunye kabla ya kumenya. Maganda yakate membamba kama njiti. Pasha mafuta ya haradali mpaka yatoe moshi kidogo, kisha punguza moto. Tia habasoda na pilipili, zilie kidogo. Tia maganda na chumvi. Funika. Usitie maji, yatajiivia yenyewe.

"Haya ulijifunza wapi, shangazi?"

"Katika ujane. Nilifiwa bado msichana. Samaki wakanikataza, vitunguu wakanikataza, ndiyo mila yetu kwa mjane. Wakaniachia majani na maganda. Nililia, we! Halafu nikasema, sawa, nitayapika mpaka wenye samaki wanionee wivu."

Haradali ilikuwa imerowekwa katika maji ya uvuguvugu. Mallika aliisaga pamoja na chumvi na pilipili mbichi. Aliimimina juu ya mumunye lililoiva, ikachemka kidogo tu, akaepua. Mwisho akanyunyiza kotmiri. Harufu ikajaa nyumba nzima.

Huko barazani mzee Haripada aliinua kichwa. Kwa kitambo aliutazama mlango wa jikoni kama anayemngoja mtu. Akatoka Mallika na sahani.

Mzee alikula. Alikula wali na maganda, akala wali na mumunye. Kisha akasimamisha mkono. Nusu ya chakula ilikuwa bado pembeni mwa sahani.

Moyo wa Mallika ukafa. "Imekushinda tena, baba?"

"Haijanishinda." Machozi yalikuwa yanamtiririka mashavuni. "Mama yako alikuwa anatupakulia sisi mpaka chungu kinakauka. Yeye anabaki na ukoko. Ukimwambia abakishe chake, hasikii. Basi nikawa namwachia mimi, namwambia nimeshiba." Akaisogeza sahani kwa Mallika. "Keti hapa, usiende jikoni. Hili ni fungu la mpishi."

Mallika akaketi. Akala huku analia, na mzee anamtazama.

Siku hizi shati la mzee Haripada limeanza kumkaa. Mallika huwa anapika cha watu wawili kinachotosha, na wote wawili hula barazani, wakati mmoja, mkeka mmoja. Hata hivyo mzee bado anabakisha tonge pembeni. Mallika hamwulizi ni la nani.