Mume Wangu Alisema Moto Uko Ng'ambo

Nina miaka arobaini na moja, ndugu wasomaji, na ninauza vitunguu. Nilizaliwa Bukhayo, nikaolewa Malaba upande wa Kenya, na hadi mwaka jana nilikuwa mke wa mtu mkubwa... au niseme, mtu aliyejiona mkubwa. Siandiki ili mnihurumie. Huruma nilipewa matangani hadi nikaishiba. Naandika kwa sababu kuna mwanamke mahali fulani anasoma haya, simu ya mumewe imezimwa, na bado anajiambia kwamba mwanamume yuko mkutanoni.

Mume wangu nitamwita Baba Mercy, kwa jina la binti yetu aliye shule ya bweni. Alikuwa na mdomo mtamu, huyo mtu! Akisimama barazani hata anayesinzia anaamka. Kwa hivyo serikali ya mashinani ilipokuja kuunda kamati za maafa, kila mtaa na yake, watu hawakupoteza wakati. Walimchagua yeye awe mwenyekiti.

Mtaa wetu ulihitaji kamati, hilo sikatai. Tulikuwa tunaishi kando ya foleni ya malori. Malori ya mafuta yanasimama siku nzima yakingoja kuvuka, na kuna watu wanaojua kuyanyonya. Jirani yetu wa ubavuni alijaza kibanda chake mitungi ya petroli, akaifunika kwa magunia, halafu mbele akaweka jiko na mandazi! Nilimwambia, jirani, siku moja utatuchoma. Akacheka. Akasema mume wangu mwenyewe ndiye mwenyekiti wa maafa na hajawahi kulalamika.

Ni kweli, hakulalamika. Nilipomuuliza, alinijibu kwamba mambo ya kamati hayazungumzwi jikoni.

Mwaka huo nilikuwa nimemleta mama yangu kutoka Bukhayo. Kiharusi kilimshika upande wote wa kushoto, maneno yakamwisha, akabaki na moja tu: jina langu. Akitaka maji, "Nafula." Akitaka kugeuzwa, "Nafula." Hata akifurahi, "Nafula." Nilimpa chumba cha nyuma, ambacho njia yake ilikuwa kichochoro kimoja tu, kati ya nyumba yetu na kile kibanda. Kila nikipita pale nilisikia harufu ya petroli... Lakini ningempeleka wapi?

Nilijipa moyo kwa sababu ya mazoezi ya kuzima moto. Maofisa walikuja wakawasha matairi uwanjani, Baba Mercy akapiga simu, na gari la zimamoto likafika kabla sufuria yangu ya chai haijachemka. Watoto walipiga makofi. Siku ile nililala usingizi mzuri, haki ya Mungu.

Kisha wakatupa sheria. Walisema watu wanapiga simu za uongo, wengine kuijaribu namba tu. Tena Malaba ziko mbili, ya kwetu na ya Uganda, na katikati ni mto tu. Kuna siku mtu alipiga akasema "Moto Malaba!", gari likatoka mbio, likazunguka mtaa wetu wote, kumbe moto ulikuwa Malaba ya Uganda. Basi wakaamua hivi: yeyote anaweza kupiga, lakini gari halitoki mpaka mwenyekiti wa mtaa athibitishe kwamba moto upo, na uko upande gani. Mtu mmoja. Mume wangu! Nami nilivyojivuna, ninyi! Nilitembea sokoni kama mke wa gavana.

Baada ya hapo mikutano ikazidi. Mkutano asubuhi, mkutano jioni. Akiondoka amevaa jaketi lake la reflekta, akirudi limefuliwa kwa sabuni ambayo mimi sinunui. Chakula changu akawa anakionja tu na kusukuma sahani. Nikimwambia jambo ananijibu "kale", vile Waganda wa sokoni wanavyokubali neno, halafu anajikohoza. Nikamtania siku moja: mwenyekiti, umekuwa Mganda lini? Alinuna siku mbili. Mtu akitaniwa kwa jambo lisilo lake hucheka tu. Huyu alinuna, na mjinga mimi nikamwomba msamaha!

Hata mama yangu alianza kugeuza uso ukutani kila Baba Mercy akiingia. Nilidhani ni ugonjwa.

Siku yenyewe ilikuwa ya soko, jua kali, asubuhi imeshapevuka. Nilikuwa nimemlisha mama uji, nimemgeuza, nikamwambia nitarudi adhuhuri. Niko sokoni napanga vitunguu, mara nikasikia puu!... Kisha moshi mweusi ukapanda upande wa kwetu. Nilijua. Nilikimbia na kitunguu bado kiko mkononi.

Kichochoro chote kilikuwa moto. Jirani alikuwa amesimama barabarani bila shati, anasema kuna mtu alimimina petroli karibu na jiko. Vijana walirusha mchanga na ndoo za maji, lakini petroli haimjali mtu na ndoo yake. Nyuma ya chumba cha mama kulikuwa na ukuta wa mawe wa ghala. Wanaume walitafuta nyundo wakaanza kuugonga ili wamfikie kwa nyuma. Na ndani, katikati ya kelele zote zile, nilimsikia.

"Nafula."

Hakupiga mayowe. Aliita tu, kama anayetaka kugeuzwa.

Nilimpigia mume wangu. Mteja hapatikani. Nikapiga tena, mteja hapatikani! Nikapiga namba ya dharura. Msichana aliyepokea alinijibu kwa upole, akasema gari liko tayari, watu wameshapanda, ila ampate mwenyekiti athibitishe. Nikamwambia mwenyekiti ni mume wangu na simu yake imezimwa!

"Usijali, mama," akasema. "Tuko na namba yake ile nyingine. Ile ya Uganda."

Ile nyingine... Mimi, mkewe, sikuwa nayo wala sikujua ipo. Lakini mama yako akiwa ndani ya moto, utaanza kufikiria laini ya simu? Nilisema tu, asante dada, mpigie, mpigie haraka! Nikasimama pale na simu mkononi, natazama barabara. Vijana wanakohoa. Nyundo zinagonga. Barabara ni malori tu, hakuna gari la zimamoto.

Nikapiga tena. Msichana akasema mwenyekiti amepatikana, na kwamba moto hauko upande wetu, kwa hivyo wamewajulisha wenzao wa Uganda waushughulikie.

Nilifikiri nimerukwa na akili! Niliielekeza simu kwenye moto ausikie. Nikampigia kelele, njoo unuse basi, njoo unuse! Akababaika, akasema ngoja amuulize mkubwa wake. Mwendesha boda boda mmoja, Mungu ambariki, hakungoja mkubwa wa mtu. Alikwenda mpaka kituoni akagonga lango kwa mawe.

Gari lilifika. Wale wazima moto siwezi kuwalaumu, walizima kila kitu kwa muda mfupi sana. Mfupi sana, jamani! Hapo ndipo niliposaga meno. Kwa sababu mama yangu alinyamaza wakati ule ule nilipokuwa nikimwambia msichana aje anuse.

Sitaeleza tulivyomtoa.

Baba Mercy alitokea baadaye, jaketi mwilini, akachukua kipaza sauti akaanza kuamrisha watu warudi nyuma. Alinikumbatia. Alilia kuliko mimi. Na kwenye mazishi, kule Bukhayo, alisimama mbele ya wajomba zangu akasema mama ameuawa na uzembe wa yule msichana wa simu, na kwamba yeye kama mwenyekiti hatapumzika mpaka msichana huyo afutwe kazi. Watu walimpigia makofi. Hata mimi nilipiga. Nilimchukia yule mtoto wa watu, nikamwapiza tumbo lake lisizae. Mungu anisamehe.

Ofisi ya zimamoto ikaitisha kikao katika ukumbi wa mtaa, na mtaa wote ukaja. Msichana akaletwa mbele, macho yamevimba. Kumbe alikuwa mdogo hivyo! Baba Mercy alinena mpaka watu wakaanza kumzomea msichana. Kisha mkubwa wa ofisi akasema simu zote hurekodiwa, afadhali tusikilize kabla ya kumhukumu mtu. Nikamwona mume wangu anaomba maji ya kunywa.

Wakaicheza rekodi ya simu aliyopigiwa mwenyekiti. Kwanza sauti ya msichana: "Mwenyekiti, tumeambiwa kuna moto Malaba. Unathibitisha?"

Halafu sauti ya mume wangu, ya chini, ya haraka haraka, kama mtu asiyetaka kusikiwa na aliye karibu naye: "Eeh, upo, naona moshi. Uko hapo ng'ambo."

Akakata.

Ninyi mnaoishi mbali na mpaka labda hamjaelewa. Kwetu, ng'ambo ni kule ukivuka mto. Aliye Kenya akisema ng'ambo, anasema Uganda. Msichana alikuwa Kenya, akadhani anazungumza na mwenyekiti aliye Kenya, kwani laini ya Uganda hushika hata kwetu, akasikia Uganda. Alifanya kazi yake vile alivyofundishwa. Lakini mume wangu aone moshi wa nyumba yangu, kisha auite wa ng'ambo? Huyo ni lazima awe amesimama Uganda!

Kina mama wa sokoni ndio walioelewa kwanza. Nilimsikia mmoja nyuma yangu akisema "Woi!" polepole. Nikasimama.

"Baba Mercy," nikamuuliza, "ulikuwa umesimama wapi hadi kitanda cha mama yangu kikawa ng'ambo?"

Akasema alikuwa mkutanoni. Nikamuuliza mkutano wa nani. Akasema, "Mama Mercy, tutaongea nyumbani." Nikamwambia nyumbani gani, na nyumba imeungua? Hapo mdomo mtamu ulikauka. Watu wakaanza kutoka mmoja mmoja.

Mengine yalitoka yenyewe. Alikuwa na mwanamke kule, karibu tu ukishavuka daraja, na mtoto anayetambaa. Kila akivuka alizima laini ya Kenya ili nisimsumbue, na ofisi akaipa ile ya Uganda ili asikose vikao. Aliuona moshi akiwa barazani kwa huyo mwanamke, sahani iko mbele yake. Aliniapia kwamba hakujua ni kwetu. Lakini hakuuliza! Angeuliza tu, moto uko kwa nani?

Tena sidhani alikusudia kudanganya siku ile, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Alisema alivyoona. Moyo wake ulikuwa umeshahama, na kwake yeye sisi ndio tulikuwa watu wa ng'ambo. Uongo aliusema baadaye, alipolitambua kosa lake akamtwika msichana wa watu. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi changu nilikifulia hiyo nguo mwenyewe.

Yule msichana nilimfuata nje nikampigia magoti. Akaniinua, akasema, "Simama, mama, usinifanyie hivyo." Akaniambia bado anausikia ule moto niliomwekea kwenye simu. Hakufutwa kazi, lakini aliacha mwenyewe. Tulilia pamoja pale kwenye ngazi, mimi na yeye, watu wakipita.

Sasa naishi Bukhayo kwa kaka yangu. Baba Mercy amehamia huko huko alikokuwa amehamia zamani. Mtaa umeshachagua mwenyekiti mwingine, mtu mwenye suti, kwa kunyoosha mikono. Siku hiyo nilikwenda, nikaomba nafasi nikauliza: akiwa hayupo, nani anathibitisha? Wanaume wakaguna. Mmoja akaniambia, mama, uchungu wako tunauelewa, lakini kaa chini. Nilipotoka pale nilipita kwetu. Jirani amejenga kibanda kipya, mabati yanang'aa, na ndani nimeona magunia yamefunika kitu. Nyuma yake kuna wapangaji wapya wenye watoto wadogo. Nimewaambia. Wamenijibu kwamba kuna kamati...

Dada zangu, kaka zangu, nawasihi kwa jina la Mungu. Kama mtaani kwenu kuna kamati ya maafa, nendeni mkaulize leo, msingoje moshi. Nani hupigiwa simu? Analala wapi? Asipopatikana, wa pili ni nani? Msikubali uhai wa watu wote upitie kwenye simu ya mtu mmoja, hata kama ana mdomo wa asali, hata kama ni mume wako. Wakikuambia ukae chini, usikae! Mimi nilikaa, nikaona ni heshima ya ndoa. Na mama yangu aliniita kwa neno moja alilobaki nalo, hadi likamwisha, huku mimi niko nje pale pale, nimeshika simu, nangoja mume wangu athibitishe kwamba anaungua.