Kadi Iliyofuliwa Pamoja na Sketi

Kila Jumatano, kipindi cha mwisho kilipokaribia, darasa letu zima lilikuwa na sikio moja kwa mwalimu na jingine langoni. Tulimsubiri tarishi wa shule arudi kutoka posta. Tulimwita Mzee Haraka kwa sababu hakuwahi kuharakisha hata siku moja, naye jina hilo alilipenda.

Mwalimu wa jiografia alikuwa ametuanzishia chama cha kadi. Kila mwanachama alimtumia postikadi mtu asiyemjua katika nchi ya mbali, kisha mgeni mwingine akamtumia yeye. Nilikuwa nimeshapata kadi ya mama mmoja dereva wa treni, na nyingine ya ndugu wawili wanaofuga nyuki. Hawakunijua wala hawakunidai chochote, lakini waliketi wakaniandikia mimi. Nilifurahi mno, nikazisoma mpaka nikazikariri.

Sheria ilikuwa moja tu. Kadi ikifika, ipite kwanza kwa mwalimu, aiandike daftarini na kumjulisha aliyeituma kwa kompyuta.

Jumatano moja nilikutana na Mzee Haraka langoni.

"Hii yako," aliniambia. "Imetoka kwa fundi saa mstaafu. Anasema kila saa nyumbani kwake inasema lake, kwa hiyo mkewe ameamua kulifuata tumbo ndipo ajue saa ya kula."

"Mzee, umesoma kadi yangu?"

"Kadi haina bahasha, binti yangu, na macho hayana pazia."

Nilipaswa kuipeleka ofisini moja kwa moja. Lakini nilitaka rafiki yangu aione kwanza, naye siku hiyo alikuwa mgonjwa. Nikaitia mfukoni mwa sketi. Kesho yake dada alifua nguo, nami nikakuta mfukoni bonge la karatasi iliyolowa chepechepe. Nilijua sheria nimeivunja. Nikalitupa bonge lile, nikajiambia kwamba kadi hupotea njiani kila siku.

Wiki tatu baadaye fundi saa aliuliza kama kadi yake ilifika. Niliitwa ofisini. Nilimkuta mwalimu wa jiografia, mwalimu mkuu, na Mzee Haraka aliyekuwa akikabidhi barua.

"Ulipata kadi ya fundi saa?" mwalimu wa jiografia aliniuliza.

"Hapana, mwalimu." Neno lilinitoka kabla sijalipima.

Mzee Haraka aligeuka. "Nilikupa mkononi, mwanangu. Si ile ya mke anayefuata tumbo?"

Mwalimu mkuu alivua miwani. "Kumbe kadi za watoto unazisoma, mzee? Maneno yake unayajua, lakini kadi yenyewe haionekani. Ufunguo wa sanduku la posta uache hapa. Kesho tutazungumza kama kazi hii bado ni yako."

Mzee Haraka alichomoa ufunguo mfukoni. Aliuweka mezani, akanitazama, akatoka. Hakunitazama kwa hasira, na hilo liliniumiza zaidi.

Nilirudi darasani lakini hesabu hazikuingia. Nikisema ukweli, nitatolewa chamani. Nikinyamaza, mtu mzima mwenye familia atapoteza kazi na kuitwa mwizi kwa sababu yangu. Nikaomba ruhusa, nikarudi ofisini.

"Alinipa, mwalimu," nilisema. "Niliisahau mfukoni ikafuliwa. Nikaogopa, nikadanganya."

Kisha nikalia. Ajabu ni kwamba nililia huku napumua vizuri, kama mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani.

Mwalimu mkuu alimwita Mzee Haraka, akasimama, akamrudishia ufunguo kwa mikono miwili. "Tumekukosea, mzee wetu. Tuwie radhi."

"Nisamehe, mzee," nami nikasema.

"Nimekusamehe. Nilikaa pale nje nikijiuliza kama akili imeanza kuniaga, labda kadi nilimpa mbuzi." Alicheka, lakini macho yake yalikuwa mekundu. "Afadhali umesema, mwanangu. Umeniponya."

Sikutolewa chamani. Adhabu yangu ilikuwa kukaa miezi miwili bila kutuma kadi, isipokuwa moja ya kumweleza fundi saa ukweli. Niliiandika siku ileile, nikaanza kuhesabu siku kwa hofu.

Kadi yake ya jibu ilifika, nami nikaipeleka ofisini moja kwa moja. Aliandika kwamba yeye naye aliwahi kufua saa ya mteja ndani ya koti, akamwambia mteja kuwa saa bado inatengenezwa, na uongo huo ulimchosha kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Mwalimu wa jiografia aliisoma, akaiandika daftarini, kisha akaniambia taratibu: "Umeona? Kadi ikiharibika, mtu anaweza kukuandikia nyingine. Lakini jina la mwenzako ukilichafua, hakuna posta itakayokuletea jingine. Ukikosea, sema mapema, kabla kosa lako halijambebesha mtu mwingine mzigo."