Skonzi za Bingwa

Asubuhi hiyo foleni ya duka la mikate ilifika hadi barabarani. Mwokaji, aproni yake imejaa unga, alipaza sauti: "Anayefuata!"

"Ni mimi, huku chini. Na huyu bwana mwenye tai asinipite, nimemtangulia."

Watu wakaangua kicheko. Mwokaji alichungulia chini ya kaunta, akamwona mwanamke wa kimo kifupi mno, amevaa suti nyekundu ya michezo, mabega yamejaa.

"Wewe si yule mnyanyua vyuma mwenye rekodi ya taifa?"

"Ndimi. Nipe mkate kabla sijakanyagwa."

Alimpa mkate, akaongeza skonzi mbili za moto. "Hizi za bingwa."

Mwanamke alizoea watu wamwonee huruma au wampige picha. Huyu alitaka tu kujua kama skonzi zimekolea sukari.

Wakapeana namba, na tangu siku hiyo simu hazikukatika.

"Bingwa wangu, umekula?"

"Nimekula. Nimemshukuru Mungu, kisha nikakushukuru wewe."

"Kesho nakuletea za maziwa."

"Utaniua, mpenzi!"

"Kwa utamu tu."

Miezi ikapita hivyo, hadi siku ya mashindano. Mwanamke alipanda kwenye mizani, kocha wake akashika kichwa. Alikuwa amezidi uzito wa kundi lake. Rekodi yake ilikuwa ya kundi lile, na sasa ilimbidi ashindane na wazito zaidi. Alishika nafasi ya nne. Katika kundi lake la zamani, msichana mgeni aliivunja rekodi.

Alimpigia mwokaji akiwa bado kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

"Skonzi zako zimeniponza!"

"Bingwa wangu, mimi sikujua..."

"Hukujua nini? Kwamba unga unanenepesha? Usinipigie tena."

Mwokaji alitii, na utii wake ndio uliomuumiza mwanamke. Kila jioni aliitazama simu. Usiku alipiga magoti kuomba Mungu amwondolee hasira, lakini sala ikamrudisha pale pale: ni nani aliyemfungulia mdomo? Alikula kwa mkono wake mwenyewe, akicheka, kwa sababu kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na mtu wa kula naye.

Akaenda dukani mchana, wakati hakuna wateja. Mwokaji alikuwa akifuta trei, macho mekundu.

"Hasira imeisha?" aliuliza kwa woga.

"Imeisha. Nimekuja kuomba radhi. Hukunilisha, nilikula."

"Lakini rekodi yako, mpenzi. Nitaacha kukuletea chochote. Upunguze, uirudishe."

"Siirudii." Alivuta kiti, akapanda, akaketi. "Uzito ule ulikuwa wa mtu anayekula peke yake. Nimemwambia kocha nabaki kundi la juu. Huko nitaanza upya, na nitanyanyua mpaka wanitafute."

Mwokaji aliweka trei chini. Alijifuta mikono kwenye aproni, akajifuta tena.

"Sema basi, unga umekuziba koo?"

"Nataka kuja kwenu. Kumwona mama yako."

"Njoo Jumapili, baada ya ibada."

"Nije na keki?"

Aliutazama uso ule mwema, akamshukuru Mungu kimyakimya.

"Keki acha," alisema. "Njoo na baba yako."