Wimbi Linalopanda Mto

Kazi ya familia hii ilikuwa matofali. Mume aliyafyatua na kuyachoma, na watu walimwita Fundi Tanuri. Mkewe na wifi yake waliyapakia kwenye mashua pana na kuwapelekea wajenzi, huko juu ya mto.

Safari hiyo ilichosha. Mto ulishuka kwenda baharini, nao walipiga makasia kupanda.

"Mabega yangu sasa ni ya bondia," wifi alipenda kusema. "Mchumba akiniona atakimbia."

"Aliye wa kweli atakusaidia kupiga kasia," mke alimjibu.

Jumanne moja, saa nane mchana, walikuwa katikati ya mto na matofali mia nne. Maji yalikuwa yamepungua na mchanga ulionekana kando. Wakasikia ngurumo, kama lori linakuja. Mke akageuka. Nyuma yao, kutoka upande wa bahari, maji yalikuwa yanapanda mto. Yalisimama kama ukuta, kimo cha kiuno cha mtu, kutoka ukingo mmoja hadi wa pili.

Wimbi liliizungusha mashua na kuipiga ubavuni, ikapinduka. Matofali yote yalizama, na mashua tupu ikakwama mchangani. Mke alishika kasia kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akamshika wifi yake. Walipofika ukingoni, wifi alikuwa hoi, amemeza maji mengi.

Fundi Tanuri alipopata habari, aliacha tanuri na kuja mbio.

"Ni wale wa bwawani," alisema. "Wamefungua lango la maji bila kutuambia. Kesho nakwenda kuonana nao. Na mashua naiuza."

Mkewe aliwaza kazi ya shule. Walikuwa wameahidi kupeleka matofali elfu mbili shuleni kabla ya mvua. Darasa jipya lilikuwa msingi tu, na watoto walisoma juani.

Jioni alikuja jirani yao, mwanamke aliyepima kina cha maji bandarini. Alikuja kumjulia hali wifi.

"Pole sana, mdogo wangu. Hilo wimbi lilitoka upande gani?"

"Chini, dada. Upande wa bahari."

Mpima maji akamgeukia Fundi Tanuri. "Na bwawa liko wapi, kaka?"

Fundi alinyoosha kidole kuelekea juu ya mto, kisha akakishusha. "Juu," alisema mwishowe.

"Basi watu wa bwawani waache wapumzike."

Wifi alicheka, ingawa mbavu zilimuuma.

Asubuhi mpima maji aliwaita kwenye rundo la udongo wa matofali. Alifinyanga mfereji. Mdomo wake ulikuwa mpana, kisha ukaendelea kuwa mwembamba. Sakafu yake nayo ilipanda kidogo kidogo.

"Huu ndio mto wetu," alisema. "Hapa penye upana ni baharini. Bahari hujaa na kupwa, hilo mnalijua. Ikijaa, maji mengi huingia mtoni kwa pamoja. Sasa mimina."

Mke akamimina ndoo mdomoni mwa mfereji. Maji yaliingia, yakabanwa, yakainuka na kukimbia mbele.

"Umeona? Kingo zinayabana. Chini hakuna kina, na kiangazi hiki mto umepungua kuliko miaka yote, ndiyo maana hamkuwahi kuona wimbi kubwa hivi. Na mto wenyewe unashuka, unayasukuma yarudi. Maji ya mbele yanakwenda polepole, ya nyuma yanayafikia. Yanarundikana mpaka yanakuwa ukuta."

"Mbona halitupigi kila siku?" mke aliuliza.

"Swali zuri. Juzi mwezi ulikuwaje?"

"Mpevu."

"Mwezi ukiwa mpevu, na pia unapoandama, mwezi na jua huvuta bahari kwa pamoja. Siku hizo, na mbili tatu zinazofuata, bahari hujaa zaidi. Wimbi huwa kubwa. Katikati ya hapo huwa dogo, au halionekani kabisa."

Alimpa mke jedwali la bandari, lenye saa za maji kupwa na kujaa. Mke alilisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Siku ya ajali, maji yalianza kujaa mdomoni mwa mto saa sita na nusu. Wimbi liliwapiga saa nane.

"Saa moja na nusu," alisema. "Huo ndio muda wa kufika kwetu."

Mpima maji alimtazama Fundi Tanuri. "Kaka, mashua usiiuze."

Wiki mbili zilipita. Wifi alipona. Mwezi ulipoandama, mke alisoma jedwali, akaongeza saa moja na nusu. Kisha akatembea ukingoni kuwaambia watu wote.

"Saa saba na dakika ishirini, mtu asiwe majini. Vuteni mashua juu. Wanaofua wasikae mchangani, wapande juu pia."

Mwenye mashua ya kuni alicheka. "Umeolewa na bahari, mama?"

Lakini aliivuta mashua yake.

Saa saba na dakika ishirini na nane, ngurumo ilisikika. Ukuta wa maji ulipita mbele yao, ukachapa kingo, ukaendelea juu. Hakuna aliyelowa hata ukucha.

Walisubiri povu litulie. Kisha mke akasema, "Sasa."

Waliisukuma mashua yenye matofali mia nne. Maji yaliyofuata wimbi yalikuwa bado yanapanda, yakaibeba. Safari ya saa tatu ilichukua saa moja. Wifi alishika kasia la kuelekeza tu.

"Wifi," alisema, "mabega yangu yataharibika kwa kukosa kazi."

Kila siku wimbi lilichelewa kidogo, na kila siku mke alijua litachelewa kwa kiasi gani. Siku ya tano, Fundi Tanuri alipanda mashua mwenyewe na shehena ya mwisho. Walipokata kona ya shule, aliangalia nyuma. Mashua saba ziliwafuata, zimejaa kuni, saruji na mboga, makasia yamelazwa ndani. Bahari yenyewe ilikuwa inazipandisha mlima.

Wanafunzi walishuka mbio, wakajipanga mstari, wakapokezana tofali baada ya tofali hadi kwa waashi. Kabla jua halijatua, ukuta wa kwanza wa darasa ulikuwa umefika madirishani.