Chini ya Sifuri

Jua lilikuwa linazama Mama Tembo alipopita kwa fundi redio, mtoto mgongoni, macho yake mazito kwa wiki tatu za kukosa usingizi.

Tembo ni jina la utani alilopewa mtoto na baba yake. Miezi minane, kilo tano tu. Kliniki walishasema: akipungua tena, analazwa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Bado unahangaika na kile kibao chako cha kuchorea kwenye kompyuta? Wenzako wanachora kwenye karatasi."

"Wenzako nao wanatengeneza redio zikaimba, fundi."

Fundi alicheka, akamkabidhi kipande cha plastiki nyeusi, laini kama ngozi. Ukiikandamiza, inapitisha umeme zaidi. Ndicho kitu pekee kilichokuwa kimebaki ili kibao kijue uzito wa mkono. Kikikamilika, atachora picha za vitabu akiwa nyumbani, karibu na mwanawe.

"Umeitoa wapi?"

Fundi aliacha kucheka.

"Kitanda kibovu cha wodi ya watoto. Kilikuwa kinawapima wakiwa wamelala." Akashusha sauti. "Nimeifuta kwa spiriti. Mara mbili."

Nyumbani hapakuwa na mtu; Baba Tembo alikuwa zamu kazini. Mama Tembo alimlaza mtoto kwenye kitanda chake kidogo kando ya meza. Akabandika tepe za shaba juu na chini ya ile plastiki, akaunga nyaya kwenye bodi ndogo yenye chipu, akachomeka kwenye kompyuta.

Kabla ya kuchora, kibao huwekwa sifuri. Hukigusi, unabonyeza kitufe, na chipu inauchukua uzito wowote ilioukuta kuwa si kitu. Kawaida unaangalia namba kwanza; kila mia ni kilo moja. Lakini Mama Tembo alikuwa amechoka hadi kwenye mifupa. Alibonyeza bila kuangalia.

Sifuri.

Akachora jogoo. Alipokandamiza kalamu, mstari ukanenepa. Alipolegeza, ukawa mwembamba kama unywele. Akatabasamu peke yake.

Ndipo ikaja harufu. Dawa ya wodi... na chini yake, maziwa yaliyochacha.

Kibao kikalia.

Kriii...

Kama kitanda mtu anapoinuka.

Alitazama kompyuta. Kalamu ilikuwa hewani, mkononi mwake. Namba zilikuwa zinashuka.

Hasi kumi... hasi mia... hasi mia nne.

Zikasimama.

Alidhani ni nyaya. Akazivuta moja moja; zote zilikuwa imara. Kisha akili yake iliyochoka ikafika polepole, kama mtu anayepanda ngazi gizani. Namba haishuki chini ya sifuri mpaka kitu kiondoke. Alipobonyeza kile kitufe, kibao hakikuwa kitupu.

Kitu kilikuwa kimelala pale.

Sasa kimeamka.

Kriii...

Safari hii ni kitanda cha mtoto.

"Tembo?" alinong'ona. "Baba... mwanangu?"

Mtoto alikuwa macho, kimya, anamtazama. Hakulia. Wiki tatu nzima hakuwahi kuacha kulia saa kama ile. Mama akapitisha mkono mmoja chini yake, kama siku zote, amnyanyue.

Hakunyanyuka.

Alitumia mikono miwili, na magoti.

Usiku ule ule, aliporudi kutoka zamu, Baba Tembo aliichoma plastiki uani. Haikusaidia kitu. Asubuhi, kliniki, muuguzi aliisoma mizani mara mbili, akapiga makofi.

"Kilo tisa! Jamani, mama, umemlisha matofali? Hongera! Hebu mlete nimshike, upumzike kidogo."

"Hapana, dada. Asante."

Alimfunga tena kwa mbeleko, akashika njia, mgongo umepinda kama wa bibi kizee. Kupitia kitambaa alisikia moyo ukipiga, ule mdogo wa haraka anaoujua. Na pembeni yake mwingine, wa taratibu...

Mabega yaliwaka moto. Hakumtua. Angemtuaje, na mmoja wao ni mwanawe?