Siku Ingobyi Haikwenda kwa Évode

Kila asubuhi binti yangu Mutoni alimpitia rafiki yake Cécile, wakateka maji bombani, kisha wakateremka pamoja shuleni. Ilikuwa mwaka 1991, kwenye mlima wetu juu ya kiwanda cha Sonatubes, hapa Kigali. Gari halikuweza kupanda kwetu. Mgonjwa alishushwa barabarani kwa ingobyi, machela yetu ya kusukwa, na kila nyumba ilitoa mwanamume wa kubeba.

Évode, baba yake Cécile, alipooza mguu utotoni. Alitembea kwa fimbo mbili. Alishona viatu vya mlima mzima, lakini kwenye kundi la ingobyi tulimwacha nje. Mimi mwenyewe nilisema jikoni, "Asiyebeba habebwi." Mutoni alikuwa hapo kando yangu, anamenya viazi.

Asubuhi moja Cécile alikuja mbio, miguu mitupu. Mimi nilikuwa shambani, ng'ambo ya mlima. Alimkuta Mutoni mlangoni.

"Mwite baba yako! Mama ana uchungu tangu jana, mtoto hatoki. Walete ingobyi!"

"Nyinyi hamumo kwenye ingobyi."

"Nani kasema?"

"Watu wakubwa. Baba yako si ana miguu minne? Ambebe yeye!"

Cécile aligeuka, akarudi mbio.

Jua lilikuwa limepanda sana niliporudi. Njiani nikamkuta Évode amemshika mkewe Uwimana kiunoni, mkono mmoja kwenye fimbo, magoti yake yanatoka damu kwa kuanguka. Cécile alikuwa mbele, anamvuta mama yake. Hatua tatu, wanakaa. Hatua mbili, wanakaa.

Nikapiga yowe. Mume wangu Karangwa na wenzake wakaja na ingobyi, wakateremka naye mbio hadi barabarani, gari likatupeleka kituo cha afya.

Mkunga alitoka akatutazama. "Mama atapona. Mtoto amekufa. Mlikuwa wapi tangu asubuhi?"

Nyumbani nilimgombeza Mutoni mpaka akalia. "Lakini mama," akasema, "wewe ndiye uliyesema."

Jumapili, baada ya misa, Karangwa aliwaambia majirani kwamba nyumba ya Évode iingie kwenye ingobyi. Jirani yetu Ngabo akauliza, "Sawa, lakini yeye atabeba nini?"

Évode alisimama polepole. "Ngabo, mama yako ni mzee, hajawahi kumbeba mtu. Mwezi uliopita tulisikia amebebwa, tukafurahi. Kuna aliyeuliza atabeba nini? Mtu habebwi kwa sababu ya mabega yake. Anabebwa kwa sababu ni mtu."

Tangu siku hiyo nyumba yao ikawamo.

Mutoni alikwenda kuomba msamaha. Cécile aliupokea, wakateka maji pamoja tena, ila hawakucheka pamoja kama zamani.

Watoto, msimhesabu mtu kwa miguu yake. Na sisi mama zenu tuchunge midomo. Neno nililolisema jikoni lilitoka mlangoni kwa kinywa cha mwanangu, na mtoto wa Uwimana hakupewa hata jina.