Kipepeo wa Kilima cha kina Zondi

Foleni ya duka la nyama mjini Mgungundlovu, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, haina adabu. Hlengiwe alikuwa anasukumwa huku na huku, gauni lake la buluu limekunjamana, aliposikia sauti ya kiume nyuma yake:

"Dada, gauni hilo umewaibia vipepeo wa kilimani kwetu."

Akageuka upesi. "Wadogo? Kama ukucha wa kidole gumba?"

"Hao hao."

"Chini ya mbawa wana madoa mangapi?"

"Yaa! Nakusifia gauni, wewe unanihoji kama askari!"

Wakacheka. Mwanaume alikuwa Bhekani Zondi, fundi bomba. Hlengiwe alitunza vipepeo waliokaushwa wa makumbusho ya mji. Kabla nyama haijafungwa, walishapeana namba za simu.

Penzi likanoga. Machi, msimu wa vipepeo hao, Bhekani akampeleka kilimani kwao, alikozikwa mama yake Bhekani.

"Kiwavi wa kipepeo huyu hulindwa na sisimizi chini ya udongo," Hlengiwe alieleza, "nao hulamba utamu wa mgongoni mwake."

"Kumbe na humo mna mapenzi."

"Mna biashara, mpenzi."

Dume la kipepeo likapita. Hlengiwe akatupa wavu, akalibana kifua kwa vidole viwili. Likatulia.

"Umemfanya nini?"

"Nimemuua. Nadhani bado hajulikani, na bila mwili wataalamu hawampi jina. Na kampuni ya mbao inataka kupanda misonobari hapa, Bhekani. Kisicho na jina nani atakitetea?"

"Mbele ya kaburi la mama! Na mimi siku moja utanibana kifua?"

Safari hii hakuwa anatania. Simu za Bhekani zikakatika.

Chini ya hadubini, madoa ya dume lile na ncha ya tumbo lake havikufanana na ndugu yake yeyote. Alikuwa wa aina mpya kabisa. Mkuu wa makumbusho akatikisa kichwa tu: "Dume peke yake halitoshi. Lete na jike."

Mwaka ukapita. Machi ilipofika tena, Hlengiwe akapiga simu.

"Nimekukumbuka mpaka naumwa."

"Umenikumbuka mimi, au kilima?"

"Vyote."

"Afadhali husemi uongo. Njoo. Wavu uache."

Wakakaa kando ya kaburi. Bondeni trekta la kampuni lilikuwa linanguruma, na mashimo ya miche yalishafika nusu ya mteremko. Mchana kutwa hakuruka kipepeo hata mmoja.

"Tukimwona mmoja tu," Bhekani alisema, "natuma washenga kwenu."

Ndipo akaja. Jike. Akatua juu ya mmea mbele yao, akakunja tumbo atage yai.

Hlengiwe akamwinamia, akahesabu madoa. Akimchukua huyu, jina litapatikana na kilima kitapona. Lakini kama ndiye wa mwisho? Akatazama chini, akaogopa. Vidole vyake viwili vilikuwa tayari vimejikunja kubana, wala hakuwa amevituma.

"Nishike mkono," akanong'ona. "Nishike kwa nguvu, Bhekani. Usiniachie."

Bhekani akaushika. Bondeni, trekta lilibadilisha gia, likaanza kuja.